Aliyekuja na Mwisho wa Hadithi ya Zuhura

Kabla hujaanza kucheka, naomba unisikilize mpaka mwisho. Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Nimekulia Singida kwenye nyumba ya mwalimu, nikasomea ualimu, na kazi yangu miaka yote imekuwa kuwafundisha watoto watofautishe jambo lililotokea na jambo lililotungwa. Hili ninalokusimulia lilitokea. Lilitokea saa kumi jioni, ofisini kwangu, nikiwa na kalamu mkononi, na ushahidi wake upo kwenye faili la mwanafunzi hadi leo. Usiponiamini sitakulaumu, maana ningekuwa wewe hata mimi ningecheka.

Shule yetu ipo juu ya Lushoto, upande wa kwenda Shume, mahali ambapo mwezi wa Juni ukungu huingia darasani bila kubisha hodi. Nafundisha Kiingereza. Wanafunzi huniita Madam Nyekundu wakidhani siwasikii, kwa sababu ya kalamu yangu. Jina lenyewe nalipenda, ila sijawaambia.

Muhula ule niliwapa kidato cha tatu kazi ya kutunga hadithi fupi ya fumbo. Unajua zile hadithi ambazo mtu amepotea au kitu kimeibwa, msomaji anapewa vidokezo kimoja kimoja, halafu mwishoni fumbo linafumbuliwa. Nikaandaa mwongozo wa kusahihishia wenye alama ishirini: nne za mandhari, nne za wahusika, nne za vidokezo, nne za lugha, na nne za ufumbuzi. Nikawaonya mapema kwamba hadithi isiyo na mwisho nne hizo haizioni.

Ukitaka kumjua mwalimu, mpe hadithi hamsini na mbili asahihishe wiki moja. Katika hadithi kumi na tisa mwizi alikuwa mjomba. Sijui wajomba wa Usambara wamewakosea nini watoto hawa. Nyingine nyingi zilifika mahali pagumu, mhusika akaamka, kumbe alikuwa anaota. Kijana mmoja aliwaua wahusika wake wote ukurasa wa kwanza, akabaki hana wa kuendelea naye. Nilikuwa nakunywa chai ya rangi, nasahihisha, nacheka peke yangu.

Ndipo nikafika kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa binti mpole wa dawati la tatu, anaishi na bibi yake mzaa baba katika kijiji kilicho chini ya msitu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Alama nane kwa ishirini, siku akijitahidi sana tisa. Hadithi yake ilimhusu mpasua mbao. Mtu huyo alitoka nyumbani alfajiri na wenzake wawili, wakaingia msituni kupasua mkulo, ule mti wenye harufu kali kama karafuu maiti. Jioni wenzake walirudi wawili tu. Wakasema mwenzao amedandia lori barabarani, kaenda Tanga na mwanamke. Mke wake alikuwa mjamzito. Kijiji kikamcheka, maisha yakaendelea. Lakini mke aliporudi ndani aliviona viatu vya mumewe, vile vizuri vya sikukuu, vimekaa chini ya kitanda. Je, mwanamume anayemfuata mwanamke mjini ataviacha viatu vyake vizuri? Hakuna mtu aliyeuliza swali hilo.

Kiingereza kilikuwa kibovu kilekile, lakini mambo yaliyokuwa ndani yake! Mtoto ameandika jinsi gogo linavyolazwa juu ya shimo, mmoja akasimama juu na mwenzake chini, msumeno mrefu ukapanda na kushuka kati yao. Ameandika kwamba wa chini hujifunga kitambaa kwenye paji la uso ili unga wa mbao usimwingie machoni, na kwamba harufu ya mkulo hukaa kwenye nguo siku tatu hata ukizifua. Halafu, pale ambapo nilikuwa nimeisogeza karatasi karibu na pua, hadithi ikakatika. Mstari wa mwisho uliuliza tu: mtu yule yuko wapi? Basi.

Niliisoma mara tatu. Na hapa sasa ndipo ninapoona aibu. Badala ya kufurahi, nilikasirika. Nikajiambia, mtoto wa alama nane hawezi kujua haya, huyu ameiba mahali, na mahali alipoiba ukurasa wa mwisho ulikuwa umechanika. Nikachora sifuri kubwa juu ya karatasi, nyekundu, nikaipigia mstari chini. Kesho yake nikamwita ofisini.

"Hadithi hii umeitoa wapi?"

"Nimesimuliwa, madam."

"Na nani?"

"Na baba mmoja. Anakaaga pale kwenye jiwe kubwa, njia ya kuni."

"Jina lake nani?"

"Sikumuuliza, madam. Ni mkubwa."

"Na mwisho uko wapi?"

Akaangalia vidole vyake vya miguu. "Alisema mwisho si wa kumwambia mtoto. Alisema huo atampa mwalimu, kama mwalimu akimwita."

Hasira zikanipanda kichwani. Niliona mtoto ananichezea. Shule ina barua zake za wito, zimeshachapwa, zinaanza na "Mzazi au Mlezi wa" halafu unajaza jina la mwanafunzi. Nikachukua moja, nikakata maneno ya mwanzo, juu yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Aliyemsimulia hadithi." Nikamalizia kwamba mwanafunzi hatapokelewa darasani mpaka mhusika afike mwenyewe. Nikatia sahihi na muhuri.

Sasa nakuuliza wewe, mtu mwenye akili zake anamwitaje mtu asiyemjua, kwa maandishi, tena na muhuri juu?

Mwalimu Elieza aliniuliza hivyo hivyo. Elieza anafundisha hesabu, ni Msambaa wa Bumbuli, mzee wa kanisa asiyekosa ibada, na ofisi yake na yangu zimetenganishwa na mbao tu. Aliiona ile barua kabla Zuhura hajaichukua.

"Madam, hii umeikosea," akasema. "Huku kwetu mtu haitwi bila jina. Ukiita bila jina, anaitika yeyote."

"Nyie Wasambaa kwa mambo yenu hamjambo," nikamjibu. "Haya, aitike."

Zuhura aliondoka na barua Jumatatu. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Kiranja wa darasa akaniletea habari kwamba mjomba wa Zuhura, huyo sasa mjomba wa kweli, amesema kama shule imemkataa basi asipoteze muda, Jumatatu ijayo aanze kazi ya kufungasha karoti sokoni. Na Jumatatu hiyohiyo ndiyo mitihani ya muhula ilikuwa inaanza. Usiku ule sikulala vizuri. Nilijua nikimwita arudi bila barua nitakuwa nimejivunjia heshima, na nisipomwita nitakuwa nimemtoa mtoto shuleni kwa sababu ya hadithi nzuri. Kiburi kikashinda. Nikasema nitasubiri siku moja zaidi.

Alhamisi, baada ya vipindi, ukungu ulishuka mzito hata mlingoti wa bendera haukuonekana. Wanafunzi walishaondoka. Nilikuwa napanga madaftari pale niliposikia hodi.

Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye sweta iliyotoboka viwikoni. Miguuni alivaa katambuga, zile ndala za tairi la gari, na baridi ile! Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Kwa macho nilimzidi kabisa, na wewe unajua shikamoo inavyopimwa huku. Lakini niamini, nilijikuta nimesimama wima na mdomo wangu mwenyewe unasema shikamoo.

"Marahaba," akajibu, bila kushangaa. "Umeniita, nimekuja."

Akaweka barua yangu mezani. Ilikuwa na unyevu, na pembeni ilikuwa na alama ya kokoto, kama karatasi iliyowekwa mahali ikagandamizwa isipeperuke.

Nikamkaribisha kiti. Ofisi nzima ikanuka karafuu maiti. Sikuogopa. Wengi wakinisikia husema wangekimbia. Ningekimbia nini? Mbele yangu alikuwa mtu amekaa kwenye kiti, na mimi nilikuwa na maswali yangu. Udadisi ndio ugonjwa wangu.

"Wewe ndiye uliyemsimulia Zuhura?"

"Ndiye mimi. Mtoto hakuiba, kapewa."

"Umeisoma kwenye kitabu gani?"

Akatabasamu. "Kusoma sijui, mwalimu. Hata barua yako nimesomewa."

"Na nani?"

"Wapo wanaojua."

Nikachukua mwongozo wangu wa kusahihishia nikamwonyesha, eti mtu ametoka kuniambia hajui kusoma. Nikamweleza kwamba hadithi haina mwisho, kwamba ufumbuzi ni alama nne nzima, kwamba vidokezo ni vizuri lakini huwezi kumwacha msomaji njiani. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Ni kweli," akasema. "Kumwacha mtu njiani si vizuri. Chukua kalamu."

Nikachukua. Akasimulia, nami nikaandika chini ya mstari wa mwisho wa Zuhura, kwa wino mwekundu, natafsiri moja kwa moja kwa Kiingereza. Alisema wale watu watatu walikuwa wanapasua mkulo kwenye hifadhi, mahali pasiporuhusiwa. Yule aliyepotea ndiye aliyekuwa wa chini. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ukingo wa shimo ukalainika, gogo likateleza likamfuata chini na udongo ukalifuata gogo. Wenzake waliita mara mbili. Hakujibu. Wakaogopa walinzi wa msitu, wakaogopa kufungwa, wakajaza udongo uliobaki, wakashuka na maneno ya lori na mwanamke.

"Shimo liko wapi?" nikauliza, maana mandhari nayo ina alama zake.

Akanieleza. Upande njia ya kuni mpaka jiwe kubwa, uvuke kijito, uingie bonde la tatu, utakuta mkulo umeangukia mwamba na mwingine mchanga umeota kwenye kisiki chake. Hatua ishirini kutoka hapo kuelekea jua linapozama.

"Na wale wenzake, walichukuliwa hatua gani?"

"Hao tulishamalizana."

Kalamu ikasimama. "Mlishamalizana? Kwani wewe ni nani ndani ya hadithi hii?"

Akageukia dirishani, ukungu ulikuwa umeziba kioo chote. "Unapenda kuuliza, mwalimu. Vizuri. Pale kijijini hakuna aliyeuliza, ila mmoja." Akanigeukia tena. "Huyo mmoja naomba umpelekee salamu. Bibi wa huyu mtoto. Mwambie bakuli lake sikulipoteza. Lile jeupe lenye ua jekundu, lililotoboka chini tukaliziba kwa kipande cha bati. Chakula chake sikuwahi kukila, lakini bakuli lipo, nililiweka pembeni ya shimo."

Unajua mtu anaweza kusikia jambo na asilisikie? Nilikuwa naandika tu. Nilikuwa nafikiria alama.

"Sasa mtoto umempa ngapi?" akauliza.

Nikaitazama ile sifuri yangu. Aibu ilinishika, nakwambia. Nikaikata, nikaandika kumi na nane.

"Mbili zimekwenda wapi?"

"Lugha," nikasema.

"Haki yako." Akasimama. Nikaandika kwenye barua "Ameonekana," nikatia sahihi na tarehe, lakini kabla sijaipeleka kwenye faili alikuwa ameshaikunja na kuitia mfukoni.

"Hiyo ibaki, baba. Ni ya faili la Zuhura."

"Nitairudisha," akasema, akatoka. Nilisimama mlangoni nimsindikize. Hatua tatu ukungu ukamfunika, na sikusikia katambuga zikigusa kokoto za uwanjani.

Nikageuka, nikakuta Elieza amepitia mlango wa kati, amesimama ndani ya ofisi yangu, ameshika daftari la hesabu kifuani.

"Madam, Kisambaa hicho umejifunza lini?"

Nikacheka. Mimi Kisambaa changu kinaanzia na kuishia kwenye onga mshi, yaani salamu ya mchana. Wenyeji wakiendelea mbele ya hapo mimi huwa natabasamu tu.

"Nimekaa hapo ukutani nakusikiliza," akasema. "Ni Kisambaa cha wazee. Maneno mengine sijayasikia tangu bibi yangu afariki."

"Huyo ni mgeni wangu aliyekuwa anasema."

Elieza akatikisa kichwa polepole. "Nilisikia sauti moja tu. Ilikuwa yako. Ulikuwa unauliza na kujijibu."

Tuliangalia kiti. Chini yake kulikuwa na unga wa mbao, mbichi, wa rangi ya chai ya maziwa, umekaa katika umbo la nyayo mbili. Elieza akaunusa, kisha akaanza kusali kimoyomoyo. Na mimi, sasa ndipo woga uliponifikia. Nikakaa sakafuni palepale.

Ijumaa asubuhi tulikwenda kwa akina Zuhura, mimi na Elieza. Zuhura alikuwa uani anamenya viazi. Nikamuuliza barua alimpa nani. Akasema hakumkuta yule baba siku ile, akaiweka juu ya jiwe, akaigandamiza kwa kokoto, akaenda zake. Hakujua afanye nini kingine. Nikamwambia Jumatatu aje kwenye mtihani, barua au hakuna barua. Akalia, na mimi nikalia, Elieza akajifanya anaangalia milima.

Bibi yake anaitwa Bi Mwanaidi. Ni mwembamba, amenyooka mgongo, na hana mazungumzo mengi. Tukampa shikamoo, tukakaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimeamua kumweleza taratibu, lakini maneno yalinitoka yote kwa pamoja. Nikasema kuna mtu amenipa salamu zake, amesema bakuli hakulipoteza.

 Kuni zililia mekoni. Kisha akauliza, kwa Kiswahili cha taabu, "Ua lake rangi gani?"

"Jekundu. Limetoboka chini, likazibwa kwa bati."

Mama yule alishika mdomo wake kwa mikono miwili. Alipoweza kusema, alimwambia Elieza kwa Kisambaa na Elieza akanitafsiria. Bakuli lile lilikuwa la mama yake, alipewa siku aliyoolewa. Asubuhi ile mumewe alipoondoka na viazi na maharage ndani yake, walikuwa wamegombana kidogo. Neno la mwisho alilomwambia lilikuwa, hilo bakuli langu usiponirudishia na wewe usirudi. Miaka zaidi ya arobaini ameishi akiamini kwamba ameachwa kwa sababu ya neno hilo. Hakumwambia mtu. Hata mwanawe, baba yake Zuhura, alikua na kuzaa na kufariki bila kuambiwa habari ya bakuli. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha viazi mkononi, ndiyo kwanza anaambiwa kwamba ile aliyoiandika ilikuwa habari ya babu yake.

Basi nieleze wewe uliyesoma kuliko mimi, mtoto huyo angeiba wapi hadithi hiyo?

Jumamosi mwenyekiti wa kijiji, bwana misitu na wanaume kumi na wawili walipanda na majembe na mapanga. Nami nilikwenda, na karatasi ya Zuhura mkononi kama ramani. Jiwe, kijito, bonde la tatu, mkulo ulioangukia mwamba na mwingine ulioota kwenye kisiki. Hatua ishirini. Mahali pale palikuwa pamefungwa na miiba na mizizi, ilichukua nusu ya siku kufyeka tu. Bwana misitu mwenyewe aliapa kwamba hapajaguswa na mtu tangu aajiriwe. Wakachimba. Kwanza msumeno, umeliwa na kutu. Kisha gogo, lililooza nje lakini ndani bado linanuka. Kisha yeye mwenyewe. Mwenyekiti akavua kofia, wakatumwa vijana wawili kwenda kutoa taarifa polisi kabla ya kugusa zaidi.

Bakuli lilikuwa pembeni ya shimo, chini kabisa, limefunikwa kifudifudi. Polisi walipofika na kuruhusu, mzee mmoja alilifunua. Udongo ulikuwa umelishika hata akalazimika kulizungusha kwa nguvu. Chini yake palikuwa pakavu, na pale pakavu palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mwenyekiti aliikunjua, akasoma, akanigeukia. "Mwalimu, hili jina si lako?"

Ilikuwa barua yangu. Maneno yaliyokatwa, wino mwekundu, muhuri wa shule, na chini yake "Ameonekana," sahihi yangu na tarehe ya juzi yake, Alhamisi.

Nimeulizwa sana kuhusu siku ile. Wapo wanaosema niliiweka mwenyewe. Ningeiwekaje chini ya bakuli ambalo mizizi ilikuwa imelizunguka? Wapo wanaosema basi ni jini. Elieza hasemi lolote, ila tangu siku hiyo akinisikia nina mgeni ofisini huja kuchungulia. Mimi nilichofanya ni kuichukua ile barua nikaiweka Jumatatu kwenye faili la Zuhura, maana mwenyewe aliahidi atairudisha, na amerudisha. Zuhura alifanya mtihani wake. Alama zake kumi na nane zipo pale pale. Mbili za lugha sikumpa, na naamini yule babu yake angenielewa.

Polisi walipomaliza, marehemu akaswaliwa na kuzikwa nyuma ya nyumba yake. Viatu vyake vya sikukuu, ambavyo Bi Mwanaidi alikuwa amevitunza muda wote huo, alivipeleka mwenyewe msikitini apewe mtu asiye na viatu. Kisha akaingia chumbani kukaa eda. Shekhe alikuja na upole wake akamweleza kwamba kisheria eda yake imekwisha miaka mingi, hadaiwi kitu. Bi Mwanaidi akamjibu kutoka nyuma ya pazia: "Ya kwenu imekwisha, shekhe. Mimi ndiyo kwanza nimefiwa." Akakaa miezi minne na siku kumi. Alipotoka, wanawake wa kijiji kile kile kilichomcheka walimwimbia.

Hunialika kila sikukuu. Lile bakuli alilisugua kwa majivu mpaka ua lake likaonekana, lakini kutu haikutoka yote, kwa hiyo hutandika jani la mgomba kwanza, kisha huniwekea viazi na maharage. Mara ya kwanza nilisita. Harufu ya mkulo ilikuwa bado ipo. Aliniona, akanisogezea.

"Kula, mwalimu," akasema. "Yeye hakuwahi."

Nikala. Na mpaka leo nikishika karatasi ya mwanafunzi nikasikia harufu ile, hata iwe imetoka wapi, naweka kalamu chini na kumwita mtoto, namwuliza kwa upole kwanza.

Kwa hiyo wewe mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi, mtoto akikuletea jambo lililomzidi kimo usikimbilie sifuri. Muulize, na ujibiwe. Na ukimwandikia mtu wito, taja jina lake. Usipolitaja, anaweza kuitika mtu ambaye amengoja miaka arobaini aitwe, na wewe ndiye utakayebeba salamu zake.